Bunduki Iliyofukiwa Shambani

Tulinagwe alikuwa akipalilia maharage yake huko Ibaba, kwenye miteremko ya Ileje. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Kila jembe lilipogonga jiwe, moyo ulimruka. Alisimama, akatazama huku na huku, akaendelea. Muda si mrefu akasimama tena.

Chini ya udongo ule kulikuwa na bunduki. Mumewe, Fanueli, aliikuta darini walipobomoa nyumba ya marehemu baba yake. Ilikuwa bunduki ya kijeshi, imefungwa kwenye gunia pamoja na kopo la risasi. Nani aliiweka, hawakujua. Kwa hofu, Fanueli alifukia vyote shambani.

"Itaoza yenyewe," alimwambia mkewe.

"Chuma hakiozi kama viazi, Baba Rozi."

Jumapili, kanisani lilisomwa tangazo la polisi: mwenye silaha isiyo halali aisalimishe katika kipindi hiki cha msamaha, naye hatashtakiwa. Tulinagwe hakusikia tena mahubiri. Ibada ilipokwisha alimshika mumewe mkono, wakamfuata Judith, polisi wa kata yao. Wakamweleza yote.

"Nikaichimbue nikuletee, afande?" Fanueli aliuliza.

"Usiiguse," Judith alisema. "Usiipige nyundo, wala usiwashe moto pale. Risasi zikipata joto hulipuka. Nionyesheni mahali tu."

"Mimi nilifikiri kung'oa kile chuma cha kufyatulia, nikitupe mtoni. Si ingekuwa imekufa?"

"Mtu angeleta chuma cha bunduki nyingine, ikafufuka siku hiyohiyo. Na iliyofukiwa huchimbuliwa, ikapakwa mafuta, ikaenda kupora watu barabarani. Silaha imekufa pale tu ambapo hakuna fundi anayeweza kuitengeneza tena."

Kesho yake wataalamu wa silaha walifika. Waliwaondoa watu wote karibu, wakachimba polepole. Mmoja aliikagua bunduki kwa muda mrefu.

"Ilikuwa na risasi ndani, tayari kufyatuka," alisema.

Fanueli alikaa chini.

Kipindi cha msamaha kilipokaribia kwisha, wanakijiji walialikwa Vwawa, makao makuu ya mkoa, kushuhudia silaha zikiteketezwa. Fundi alizikata kwa moto wa gesi. Alikata mtutu, akakata chemba inapokaa risasi, akakata na vyuma vya kufyatulia.

"Mbona anakata kila mahali?" Tulinagwe aliuliza.

"Akibakiza sehemu moja nzima, itatengenezea bunduki nyingine," Judith alijibu.

Vipande vikatupwa kwenye tanuru, vikayeyuka. Risasi hazikuwepo pale. Wataalamu wa jeshi walikuwa wamezilipua ndani ya shimo refu, mbali na makazi ya watu.

Tulinagwe alitazama mpaka chuma kikawa kama uji mwekundu. Hapo ndipo aliposhusha pumzi.

Jirani yao, Nathanaeli, akamsogelea, akisugua viganja.

"Mama Rozi," alinong'ona, "hawakumfunga Fanueli?"

"Si yule pale, anakula muwa."

Nathanaeli alitazama tanuru, akatazama miguu yake.

"Na kama kitu chenyewe kiko nyumbani kwa mtu, ghalani, chini ya mahindi?"

Tulinagwe hakumuuliza ni kwa nani.

"Asikiguse," alisema. "Twende kwa Judith, tutamwambia pamoja."