Mikunjo Mitatu ya Tyubu

Kabati lililia "kii" gizani, kabla ya jogoo wa kwanza. Elinipendo akadhani ni panya. Akamvuta binti yake Brenda kifuani, usingizi ukamrudia.

Wiki mbili baadaye ngozi ya viwiko vya Brenda, mwenye miaka minne, ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, ikichanika na kutoa damu. Mama mkwe, Bibi Mektrida, ndiye aliyewaita polisi. Alisema mke wa mwanawe anamuunguza mtoto kwa dawa za mjini. Mtoto abaki hapa Kibosho, mama yake arudi kwao Machame.

Inspekta Eunike alimwamkia shikamoo. Bibi aliitikia bila kumtazama. Alikuwa akifunga ugoro wa kuuza katika vipande vya karatasi, huku akimwonya kwamba Wamachame wana maneno matamu, asije akalaghaiwa.

Lakini tyubu ya dawa ya Brenda ilikuwa imeshapita kwa mfamasia Moshi mjini. Haidrokotizoni ya asilimia moja ni dawa laini ya pumu ya ngozi. Ikipakwa kidogo, kama daktari alivyoandika, haiwezi kumchubua mtoto hivi kwa wiki mbili. Kilichokuwamo ndani ni krimu kali ya kujichubulia.

"Nani hushika dawa hii?" Inspekta aliuliza.

"Mimi tu," Elinipendo alijibu. "Naiweka kabatini."

"Umesikia mwenyewe," Bibi alisema. "Mfunge."

Eunike aliutazama mkia wa tyubu. Ulikuwa umefunguliwa, ukakunjwa upya mara tatu, kila mkunjo ukabanwa kwa ukucha wa dole gumba. Akaokota kifurushi kimoja cha ugoro. Mikunjo mitatu. Alama ya ukucha.

Akaviweka mezani, kimoja ubavuni mwa kingine. Akamsogezea Bibi karatasi tupu.

"Bibi, nifungie kingine nione."

Bibi akaificha mikono yake ndani ya kanga.

"Nimelea watoto sita kwa siagi ya ng'ombe wangu," alisema. "Huyu akaimwaga migombani, majirani wakiona. Eti chafu. Nikataka na dawa yake imwaibishe."

"Na mtoto?"

"Nilidhani itamuwasha kidogo tu."

Elinipendo akajifunika uso. Askari akamwinua Bibi, wakatoka. Brenda alisimama mlangoni, mikono yake imefungwa bandeji, akakitazama kikombe kilichoachwa mezani.

"Bibi hajanywa chai," alisema.