Akaunti ya Marehemu

"Usinipandishie sauti, baba mdogo. Uliyeweka toleo jipya la programu ni wewe, si mimi."

"Na wewe si ndiye unayejifanya mjuzi? Ifungue. Maharusi wanafuata picha zao jioni hii. Wakiondoka mikono mitupu, wewe na mama yako mtafute pa kulala."

Msichana akaigeukia kompyuta. Studio ile ya picha ilikuwa ya baba yake. Tangu umeme umuue baba juu ya ngazi, baba mdogo alishika funguo zote, wao wakabakiziwa chumba cha nyuma.

Aliizima, akaiwasha tena. Nje giza lilianza kuingia. Akabofya programu ya picha. Maandishi yaleyale.

PROGRAMU HII TAYARI INATUMIWA.

"Na nani?" alinong'ona.

Akaperuzi orodha ya watumiaji kuona nani yumo ndani ya mashine. Jina lilikuwa moja tu: Fundi. Ndivyo wateja walivyomwita baba yake.

"Baba mdogo... akaunti ya baba iko wapi?"

"Nimeifuta asubuhi. Toleo jipya lilitaka nafasi. Marehemu ana kazi gani na akaunti?"

"Mbona yumo ndani?"

Baba mdogo akacheka kicheko kikavu. Akaenda ukutani, akashusha swichi kubwa ya umeme. Taa zote zikazimika.

Skrini haikuzimika.

Tap... tap... tap... Vitufe vilibonyea vyenyewe, polepole. Chumba kikajaa harufu ya nywele zilizoungua.

Programu ikafunguka.

Printa ikaanza kutema picha, mstari kwa mstari. Kwanza dari. Kisha baba yake juu ya ngazi, ameshika nyaya. Kisha swichi ileile ya ukutani, na mkono unaoipandisha.

Kisha uso wa mwenye mkono.

"Ulituambia siku ile ulikuwa safarini," msichana alisema, akiichomoa picha.

"Nani alipiga hiyo?" Baba mdogo alinyooshea picha kidole. "Tulikuwa wawili tu..."

Kiti cha wateja kikaburutika sakafuni. Kikampisha msichana, kikasimama mbele ya baba mdogo, kikamzibia njia. Msichana akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, picha ikiwa bado ya moto mkononi.

"Mwanangu, usiniache humu. Nipe mkono."

Angeweza kumvuta. Alimtazama tu, vidole vikiwa kwenye kitasa. Ndipo sauti aliyoizika mwaka jana ikamnong'oneza sikioni, pale mlangoni:

"Funga kwa nje, mwanangu. Mimi na mdogo wangu bado tunaongea."