Udongo Uliokataa Maji

Watu walimwita Fagio. Shambani kwake hukuti jani limelala ovyo. Mkewe alimtania, "Baba watoto, hata mahindi yako yanaota kwa ruhusa."

Kisha moto ukashuka kutoka msituni. Uliteketeza mahindi, ghala na miti yote ya mteremkoni. Nyumba ilipona, lakini nyumba hailiwi. Jirani zao wawili walifungasha wakahama.

Fagio alichukua reki. Alianzia juu ya shamba, akakusanya matawi meusi na majani yaliyokauka kwa moto, akayatupa korongoni. "Nikilima mapema tutakula," alimwambia mkewe. "Nikichelewa, na sisi tutahama."

Alipofika katikati, bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa eneo lao, alibisha hodi.

"Baba, acha kwanza. Naomba kikombe cha maji."

Alisogeza majivu, akamwaga maji juu ya udongo. Maji hayakuzama. Yalikaa juu kama kwenye sahani yenye mafuta.

"Moto mkali huacha kitu kama nta udongoni," alieleza. "Mvua ikija, maji hayaingii. Yanateremka na udongo wako. Majani haya uliyoyatupa ndiyo yangeuzuia."

"Kwa hiyo nifanyeje, mwanangu?"

"Usilime sasa, wala usiingize mbuzi. Laza magogo na matawi kukingama mteremko. Juu yake tandaza nyasi kavu. Mizizi na wadudu watarudi, udongo utaanza kunywa maji tena."

"Lini?"

"Pengine msimu mmoja. Pengine miaka. Siwezi kukudanganya."

Mke na mume walianzia chini, palipokuwa bado na matawi. Walilaza magogo mpaka mikono ikachubuka. Kabla hawajafika juu, mvua ikanyesha.

Walisimama mlangoni wakitazama maji meusi yakipita. Yalipokwisha, sehemu ya juu ilikuwa mawe matupu. Fagio alikaa kizingitini akalia, wala hakujificha.

"Moto ulichukua mahindi tu," alisema. "Udongo nimeupoteza mimi."

Mkewe hakubisha. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Twende tukaangalie kule chini."

Kule chini, tope lilikuwa limekwama nyuma ya magogo. Walilitandazia nyasi, wakaliacha likae. Msimu uliofuata walipanda maharage hapo, wakapata ya kula, si ya kuuza. Hawakuhama. Kule juu hakujaota kitu mpaka leo, na Fagio akipita hapo hutazama pembeni.