Karabai Chini ya Magunia

Kisa hiki alinihadithia Mwalimu Tryphena mwenyewe, mwaka aliostaafu, tukipukuchua mahindi kwake Werugha.

Jumatano asubuhi, mwaka wa 1956, karabai ya kanisa haikuwapo. Kabla ya saa nne ilipatikana chini ya magunia nyumbani kwa Syokau, mjane wa Musyimi, fundi Mkamba aliyejenga kanisa lile.

Jioni iliyotangulia Tryphena alikuwa amewafundisha akina mama Kiingereza kwa taa hiyo hiyo. Neno lilikuwa light, lenye maana mbili: kisicho na uzito, na chenye mwanga. Akawaonyesha kifuko cheupe kinachowaka ndani ya kioo. "Hiki ni light mara mbili. Kinaangaza, na uzito hakina. Kimeshaungua, ni jivu lililosimama tu. Msikiguse!"

Koplo Silvanus Kituku alifika kutoka Voi saa nane.

"Mama, umeiba?"

"Sijui imefikaje."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kaburini kwa mume wangu, hapo nyuma. Kila jioni niko pale mpaka watu walale."

Alijibu kama anayeulizwa habari za mbuzi wa jirani. Nyumba ilikuwa ya kanisa. Akionekana mwizi atatolewa, aliache kaburi ambalo halijamaliza mwezi. Watu wakanong'ona: tazama, hata halii.

Ufunguo wa kanisa ulikuwa kwa wawili. Mable, mfagiaji, alilala Mwatate kwa mamake mgonjwa. Wa pili alikuwa Josephat, mzee wa kanisa.

"Nilimwona, afande," Josephat akasema. "Karabai ndani ya kiondo, mbio! Akaruka matuta yangu, akaanguka puu, akaamka, akaendelea. Hawa Wakamba wana miguu!"

Watu wakacheka. Koplo hakucheka.

"Mwalimu, hebu fungua kioo. Kifuko hiki ni cha jana?"

"Ndicho. Cha akiba ni kimoja tu, na ninacho mimi."

Kilikuwa kizima. Koplo akainua taa, akaitikisa mara moja. Kifuko kikaporomoka, unga mtupu.

"Aliyeleta taa hii aliishika wima, akatembea polepole," akasema. "Hakuruka tuta lolote. Bwana Josephat, ulimwona nani?"

Josephat akaketi juu ya magunia.

"Kijana wangu anaoa Agosti," akasema. "Hana pa kukaa. Nyumba hii ina mabati. Nilijua jioni haina mtu. Huyu yuko peke yake, angerudi kwao."

Syokau akamwuliza koplo, "Kwa hiyo nabaki?"

"Unabaki, mama."

"Haya."

Josephat akapelekwa Voi. Akina mama wakaleta uji, wakaimba, wakaenda zao kulala. Tryphena akabaki.

"Syokau, lia basi, hata kidogo."

"Nitalia kesho, mwalimu. Leo nimechoka."

Akageukia ukuta, akalala.