Gundi ya Konokono

Mama Pacha alifunua sufuria ili achemshe maji ya chai. Ndani yake konokono walikuwa wametulia kama wageni waliokaribishwa.

"Baba Pacha! Leo tena? Jana walikuwa kwenye kiatu changu, leo wamehamia jikoni!"

"Usiwapigie kelele, mke wangu. Hao ni dawa."

Baba Pacha ni seremala. Wiki iliyopita patasi ilimteleza, ikamchana chini ya dole gumba la mkono wa kulia. Rafiki yake akamwonyesha kwenye simu kwamba ute wa konokono huponya vidonda. Basi kila asubuhi aliokota konokono mtaroni, akawatembeza juu ya kidonda.

"Ute unanata kama gundi," alisema. "Gundi inaunga mbao. Itashindwa na ngozi?"

"Haya, fundi wa ngozi. Hebu shika msumeno."

Akaushika. Msumeno ukaanguka. Dole gumba lilikuwa limevimba, linatoa usaha na kunuka. Mzaha ukaisha. Seremala asiye na dole gumba atashika nini?

Mama Pacha akamvuta mpaka kwa jirani yao, nesi wa kituo cha afya. Nesi alitazama kidonda, kisha akashika kiuno.

"Shemeji! Nani kakutuma?"

"Simu ilisema..."

"Simu ilisema mtaroni? Ni kweli watafiti wanauchunguza ute huo. Una vitu vinavyoonekana kusaidia ngozi kujijenga. Lakini wao wanausafisha na kuupima maabara, na bado hawajamaliza kazi. Konokono wako katoka kwenye uchafu, kaja na vijidudu vyake moja kwa moja kidondani!"

"Lakini unanata, nesi."

Nesi akavuta pumzi. "Fundi, ukiunga mbao zenye matope, gundi inashika?"

"Aa, wapi! Lazima kwanza uzisafishe..."

Akakificha kidonda nyuma ya mgongo. Mkewe akatazama dari.

Kituoni walimwosha kidonda, wakampa dawa na sindano ya kuzuia pepopunda. Nesi akamwambia, "Ukijikata, kandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Osha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka. Funika. Kidonda kikiwa kirefu au kichafu, njoo siku hiyo hiyo. Ukiona uvimbe, joto au usaha, usingoje kesho."

"Na konokono?"

"Konokono waache!" walisema wanawake wote wawili.

Dole gumba likapona polepole. Baba Pacha akarudi kwenye msumeno wake, na kovu lake, na maneno yake mengi.

Siku moja randa ikamkwaruza kidole. Mama Pacha alimwona akipita mbio kuelekea bombani.

"Mke wangu, sabuni iko wapi?"

"Ndani ya sufuria ya konokono," alijibu. "Ulidhani nitapikia tena?"