Maziwa Yaliyonuka na Mmea wa Mbegu Pacha

Kila asubuhi Anyesi alisugua kibuyu cha maziwa kwa maji ya moto, akakifukiza moshi, kisha akakamua. Lakini siku ya nne sasa maziwa yalinuka. Hayakuwa yamechacha. Ilikuwa harufu kali ya kupanda puani.

Mama mkwe wake, Kwandu, alionja akatema.

“Kibuyu hakijaoshwa.”

“Nimekiosha, mayu,” Anyesi alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

“Umekionyesha maji tu! Kesho atakamua Philomena.”

Philomena alikuwa wifi yake. Roho ilimuuma Anyesi. Mke kunyang’anywa kibuyu ni kuitwa mchafu mbele ya kaya nzima.

Kesho yake Philomena aliosha, akakamua. Maziwa yakanuka vilevile. Kwandu akatazama pembeni. Anyesi hakungoja ruhusa, akaenda kumwita Justina, mtaalamu wa mifugo. Kijiji kizima cha Sapiwi kilimwita Bwana Mifugo, ingawa ni mama wa watoto watatu.

“Mwangaluka, mayu,” Justina alimsalimu Kwandu. “Ng’ombe anafungwa wapi?”

“Pale kwenye birika la kunyweshea, penye majani mabichi.”

Justina akaenda, akainama, akang’oa kijimea kilichotambaa chini.

“Tazameni. Majani yamechanikachanika. Maua meupe, madogo mno. Na mbegu zimeshikana mbili mbili, kama mapacha. Hapo hukosei. Sasa ponda, mayu, unuse.”

Kwandu akaponda, akanusa.

“Mh! Si ndiyo maziwa yetu haya!”

“Huu ni ndugu wa kabichi na haradali. Ni mgeni, asili yake Amerika Kusini. Mbegu zake husafiri na udongo na kwato. Ng’ombe akiula, harufu inahamia kwenye maziwa. Ung’oeni na mizizi kabla mbegu hazijakomaa, muuchome. Ng’ombe afungwe kwingine. Kwani nani alichagua pale?”

Anyesi alijua, lakini aliinama kung’oa mmea mwingine.

“Mimi,” Kwandu akasema polepole. “Ni mimi.”

Waling’oa mpaka jua la utosi, na Kwandu ndiye aliyetangulia.

Siku chache baadaye Anyesi alirudishiwa kibuyu. Akakamua, akammiminia mama mkwe. Kwandu akanusa. Akanywa yote, akafuta mdomo.

“Philomena!” aliita kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. “Njoo ujifunze kwa mwenzio namna ya kuosha kibuyu!”

Anyesi akacheka mpaka machozi yakamtoka.