Anawapigia Wote

Shangazi yangu alikuwa anapiga pasi, mchana kweupe, redio ikiimba, kampuni ya mtandao ilipompigia simu.

"Mama, watu wanalalamika. Wanapigiwa kupitia mtandao wako, wakipokea hawasemeshwi. Kiri kosa, uahidi kuacha, la sivyo tunakata."

Tangu azikwe mumewe, fundi saa, sauti ya mwanawe aliye ng'ambo ndiyo pekee iliyoingia nyumba ile, na iliingia kwa mtandao huohuo. Lakini shangazi ana shingo ngumu. "Nikiri nisilolitenda? Bora nife!"

Nikamwitia fundi wa mtandao, mzee mcheshi aliyeingia akitania kwamba mjane hakosi jirani mdokozi. Akabadili nywila. Akazima simu yangu na ya shangazi. Taa ya kisanduku cha mtandao ukutani ikaendelea kumeta.

"Kuna mtu anapiga simu sasa hivi," akasema. Utani ulikuwa umemwisha.

Akafuata kipimo chake hadi chumba cha nyuma, kwenye meza ya marehemu. Hapakuwa na kitu. Ila kiti, ambacho mimi mwenyewe nilikisukuma ndani siku ya mazishi, kilikuwa kimevutwa nje.

Shangazi akanong'ona, "Wanaopigiwa ni kina nani?"

Fundi akauliza ofisini kwao. Akatajiwa mwalimu mstaafu, muuza viatu, mkunga. Wote walikuwa wateja wa marehemu, na saa zao bado zimo kwenye droo ya meza ile.

"Wanasema hawasikii mtu," fundi akasema. "Wanasikia saa."

Shangazi akaketi. Kisha akawasha simu, akaipigia kampuni mwenyewe.

"Ni mimi. Naahidi kuacha. Msikate."

Nilidhani ni kwa ajili ya mwanawe. Siku hizi hata mwanawe akipiga, anamharakisha akate. Anashinda sebuleni, simu mapajani, na inaniuma kumwona.

"Anawapigia wote," aliniambia. "Mimi bado."

Jana nilikuwa jikoni kwake naosha vikombe. Simu yangu ikaita. Namba ya shangazi. Nikachungulia sebuleni. Simu yake ilikuwa mapajani, mikono imetulia juu yake.

Nikapokea. Kimya. Saa tu, karibu kabisa na sikio.

"Ni nani?" Alikuwa ameshaanza kuinuka.

"Wamekosea namba, shangazi."

Akaketi tena.

Nilipofika kwangu nilikuta saa yangu mkobani, ile ambayo mumewe alikufa kabla hajaitengeneza. Sikuwahi kuitoa kwenye droo yake. Inatembea. Sijathubutu kumwonyesha.